Ulipona saratani utotoni na sasa unataka unesi? Anza na faili lako

Mdogo wangu, vijana hunifuata wodini, wametoka kumaliza kidato cha nne, wananiambia: "Sista, na mimi nilipona, nataka kazi kama yako." Huwa nawauliza swali moja tu: ulitibiwa kwa dawa gani? Wengi wanabaki kunitazama. Tuanzie hapo.

Mimi niliugua Burkitt, saratani ya tezi za limfu ambayo kwa watoto mara nyingi huvimbisha taya, nikiwa na miaka minane, kijijini kwetu Sengerema. Jino lililegea, zahanati moja wakaling'oa. Wiki iliyofuata wakang'oa la pili, huku shavu linaumuka kama andazi. Uvimbe huu una haraka: siku mbili tu zinatosha uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa tunaujua, maana unapenda penye malaria nyingi. Tukavuka na kivuko hadi Mwanza. Hayo mengine nimeyasoma baadaye, kwenye faili.

Kwa hiyo nenda hospitali uliyotibiwa, ingia chumba cha kumbukumbu. Kama huna namba ya faili, taja mwaka, wodi na majina yote uliyowahi kuandikishwa (mimi nilikuwa chini ya jina la babu). Langu lilikutwa na kona moja imeliwa na mchwa. Mwombe daktari wa saratani akuandikie muhtasari: ugonjwa wenyewe, dawa na jumla ya dozi, kama ulipigwa mionzi na sehemu gani, kama uliongezewa damu.

Usione ni usumbufu. Unaikumbuka ile dawa nyekundu, iliyokufanya ukojoe mkojo mwekundu ukadhani unakufa? Inaitwa doksorubisini, na inaweza kuudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye. Unesi ni kusimama usiku kucha na kuinua watu wazito kuliko wewe, basi pima moyo kwa ekho (kipimo cha mawimbi ya sauti) kabla hujalipa ada. Uliza na habari za chanjo, kwa sababu tiba huweza kufuta kinga ulizopewa ukiwa mchanga. Ya homa ya ini B usiikose. Kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita.

Masomo sitayasema sana. Stashahada ni miaka mitatu, na mlango wake ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo. Soma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, wa mwaka huo huo, usisikilize ya mtaani. Ukihitimu, huwezi kugusa mgonjwa bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kupona hakukupi alama. Mimi nilipata F ya Kemia, nikarudia nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, na nilikuwa mkubwa kuliko darasa zima.

Sasa jambo ambalo sikuambiwa na mtu: usikimbilie wodi ya saratani. Nikiwa mwanafunzi nilipelekwa huko siku moja. Harufu ya spiriti na mlio wa bakuli la chuma vilinitosha. Nilitapikia kwenye sinki la kuoshea vyombo vya wagonjwa. Baada ya chuo nikaomba wodi ya wazazi, nikakaa miaka miwili kabla ya kurudi kwa watoto. Jipe muda huo bila aibu.

Ukishafika, kazi ni ya mikono kwanza. Mtoto aliyechomwa sindano mara nyingi, mishipa yake hujificha. Mpashe mkono moto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, mkalishe mapajani kwa mama yake, mwambie kweli kwamba itauma. Ukikosa mara mbili, mwite mwenzako. Kiburi chako kisimuumize mtoto. Dawa ya saratani usiishike bila glavu na gauni, na ukipata ujauzito mwambie kiongozi wa wodi mapema. Vinkristini, ile itokanayo na ua la pinki lenye petali tano linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, ni ya mshipani tu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo inaua. Soma lebo, kisha msomee mwenzako kwa sauti.

Na habari ya ugonjwa wako mwenyewe? Ibane. Mama akiuliza, "Mwanangu atapona kama wewe?" usimwahidi, kwa sababu hujui. Mimi huiweka kwa ajili ya siku moja: siku uvimbe unaponywea. Burkitt huweza kunywea ndani ya siku chache baada ya dripu ya kwanza, na hapo ndipo wazazi wanapofunga mizigo kabla tiba haijaisha. Shamba linasubiri, nauli imeisha, mtoto anacheza, wanakaa wa nini?

Juzi baba mmoja alikuwa ameshabeba ndoo na mkeka. Nikamwonyesha pengo la meno yangu mawili. Nikamwambia uvimbe wangu nao ulinywea, na baba yangu alitaka turudi tukavune mpunga. Mama ndiye aliyegoma. Yule baba akauliza, "Zimebaki dripu ngapi?" Nikamhesabia kwenye vidole vyake mwenyewe. Akaitua ndoo.