Umemaliza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) huku Nyanda za Juu Kusini na unataka udaktari? Chagua chuo cha serikali hivi

Wadogo zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na kwingineko, kwetu Tanzania ukitoka kidato cha six unaingia MD (digrii ya udaktari) moja kwa moja, miaka 5 halafu mwaka 1 wa intani, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, kwa hiyo tulia kabla ya kujaza.

Anza na matokeo. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, angalau D kila somo, yaani pointi 6. Hiyo ni ya kukuruhusu kuomba tu, nafasi zinagombaniwa na wenye A na B kibao, sasa una D tatu halafu unajaza Muhimbili peke yake, hapana jamani.

Vinavyotajwa sana huku ni MUHAS ya Dar, ndiyo hiyo Muhimbili, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichopo hapa hapa Mbeya. Wazazi wengi wanaona cha Mbeya ni cha kukimbilia ukikosa Dar, mimi hapo nakataa kabisa. Udaktari unajifunza wodini. Muhimbili utaona kesi ngumu za nchi nzima, hilo halina ubishi, ila kitanda kimoja cha mgonjwa mnakigombania na madaktari wanaosomea ubingwa. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya inapokea wagonjwa wa kanda yote, na akina mama wanajifungulia Meta, hospitali yake ya wazazi. UDOM wana hospitali ya Benjamin Mkapa jirani.

Kwa hiyo tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kila chuo umuulize: kwenye anatomia mlikaa wangapi kwenye maiti moja? Asubuhi kwenye raundi unashika tumbo la mgonjwa mwenyewe au unachungulia mgongoni kwa wenzio? Umeshazalisha, msimamizi akiwa pembeni? Majibu hayo yanazidi jina la chuo.

Hela nayo. Boom (hela ya mkopo ya kujikimu) likichelewa, mtu wa Tukuyu anayesoma Mbeya anapanda Coaster anaenda kuchukua mchele na ndizi nyumbani, wa Dar anakopa. Iringa kwenda Dodoma kwa njia ya Mtera ni karibu kuliko Dar.

Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unathibitisha kimoja tu kwa ile code (namba ya siri) ya TCU. Mkopo unauomba HESLB (Bodi ya Mikopo) kivyake, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, usingoje wiki ya mwisho mtandao ukigoma.