Jinsi ya Kusanifu Ukurasa wa Kutafutia Vitabu kwa Kufuata Mazoea ya Wasomaji

Anayesanifu katalogi ya maktaba kwa ajili ya mtandao hushawishika kuanza na rangi na vitufe, ilhali kazi yenyewe huanzia kwenye maneno ambayo wasomaji wamekwisha kuyaandika katika kisanduku cha kutafutia. Chukua kumbukumbu za mwezi mmoja, ondoa chochote kinachoweza kumtambulisha mtu, kisha tenga utafutaji wote ambao haukuleta tokeo hata moja. Hapo utaona mazoea ya msomaji kwa vitendo, nayo si lazima yalingane na majibu yake kwenye dodoso. Kuondoa majina peke yake hakutoshi: mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani takribani utafutaji milioni 20 wa watumiaji wapatao 650,000, ikiwa imeweka namba mahali pa majina, na bado waandishi wa habari walimtambua mmoja wao kutokana na mambo aliyoyatafuta.

Kwa katalogi ya Kiswahili, shughulikia kwanza umoja na wingi. Mbinu zilizozoeleka za kupunguza neno hadi kwenye shina lake, kama ile ambayo Martin Porter aliichapisha mwaka 1980 kwa ajili ya Kiingereza, hukata mwisho wa neno, wakati nomino zetu hubadilika mwanzoni. Msomaji akiandika "mkulima", kitabu chenye neno "wakulima" katika jina lake hakitatokea. Usidhani kwamba dawa ni kukata silabi ya kwanza tu, kwani "vijana" ikikatwa hivyo hubaki "jana", na "meko" haitarudi kuwa "jiko" kwa kanuni nyepesi. Andaa kamusi ya jozi za umoja na wingi kwa maneno yanayojitokeza katika majina na mada za vitabu ulivyo navyo, na kanuni ya kukata viambishi iachiwe yale tu ambayo kamusi hiyo haina.

Tahajia inafuata. Neno "ng'ombe" huandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, au bila ritifaa kabisa, na kompyuta huziona hizo kuwa herufi tofauti. Zisawazishe zote kabla ya kulinganisha. Fanya hivyo pia kwa Muhammad, Mohamed na Mohammed. Lakini pale msomaji anapoandika jinsi anavyotamka, kwa mfano "samani" akikusudia "thamani", mashine isimsahihishe kimyakimya, maana huenda kweli anatafuta vitabu vya useremala. Mwonyeshe matokeo ya neno aliloliandika, na juu yake uweke pendekezo analoweza kulibonyeza.

Vichujio viwe vichache: lugha, mwaka, mada, na kama kitabu kipo rafuni au kimeazimwa. Kwenye simu vifiche nyuma ya kitufe kimoja ili matokeo yaonekane bila kusogeza ukurasa. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaohusu kurasa za mtandao zinazoweza kutumiwa hata na watu wenye ulemavu, unataka eneo la kubonyeza lisipungue pikseli 24 kwa 24. Kwa maoni yangu, 44 za kiwango chake cha juu zaidi ndizo zinazofaa kidole gumba. Usikisie lugha ya msomaji kwa kuangalia lugha ya simu yake, kwani wako wengi wanaotumia simu ya Kiingereza na kusoma Kiswahili. Achague mwenyewe, na chaguo lake lihifadhiwe ndani ya kifaa chake bila kumlazimisha kufungua akaunti, jambo litakalokupunguzia pia wajibu chini ya sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Unapojaribu ukurasa na wasomaji, usiwape maneno ya kutafuta, kwa sababu watayanakili. Mweleze mtu kwamba mihogo ya jirani yake inanyauka na anaomba kitabu cha kumsaidia, halafu nyamaza utazame anachokiandika. Baada ya kila badiliko rudi kwenye kumbukumbu, ukipima utafutaji usio na matokeo sambamba na idadi ya matokeo yaliyofunguliwa, kwa kuwa ukurasa unaomletea kila mtu katalogi nzima nao hautakuwa na utafutaji hata mmoja uliotoka mtupu.