SOMO: Elite Dangerous, msoto wa kuboresha meli unalipa wapi na wapi unajichosha bure

Wakuu, habari zenu. Tangu niseme nimefika Sagittarius A*, katikati kabisa ya galaksi, na kurudi nikiwa na meli ya Diamondback Explorer, swali ninaloulizwa ni moja tu: "Nikisota mpaka nipate Anaconda, ile meli kubwa ya bei mbaya, inalipa?" Jibu fupi ni hapana, si kwa sasa. Jibu refu ndilo hili somo, kaeni mkao wa kula.

Kwa wageni: Elite Dangerous ni gemu ya Frontier Developments wa Cambridge, Uingereza, ilitoka Desemba 2014. Unapewa kimeli kidogo kinaitwa Sidewinder, vijisenti, na galaksi yetu nzima yenye mifumo ya nyota kama bilioni 400. Hakuna anayekwambia ufanye nini. Ndiyo maana watu wengi wanaangukia mtego wa kudhani lengo la gemu ni kununua meli kubwa kuliko zote.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu hatutaelewana. Kutoka kwetu duniani mpaka Sagittarius A*, katikati ya galaksi, ni karibu miaka nuru 26,000. Asp Explorer ikitoka dukani bila kuguswa inaruka kama miaka nuru 13 kwa mruko mmoja. Hiyo ni miruko 2,000. Mruko mmoja, ukihesabu kuchota mafuta kwenye nyota na kupanga uelekeo, chukulia dakika moja. Umekaa kwenye kiti saa 33. Ukiweka injini nzuri ya kuruka ufike miaka nuru 30, miruko inashuka hadi kama 870, saa 14 na nusu. Ukifika 60, ni miruko 430 na ushee, saa 7. Meli ni ile ile, na ganda lake hukulibadilisha.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jiulize ni kazi gani unairudia.
Msafiri anarudia kuruka. Mchuuzi anarudia kupakia na kutua. Mpiganaji anarudia kulenga na kukimbia. Boresha kifaa kinachogusa hicho unachokirudia, vingine viache na uchakavu wake. Mtu anayebeba mizigo kati ya stesheni mbili za jirani hana haja ya kuruka miaka nuru 60, hata umpe bure.

Hatua ya 2: Bima kwanza, meli baadaye.
Meli ikilipuka unalipa asilimia 5 ya thamani yake, pamoja na vifaa ulivyofunga, ndipo unarudishiwa. Huna hiyo asilimia 5, unapewa Sidewinder ya bure na pole.

Mimi nilisoma hili kwa maumivu. Niliuza Asp na kila nilichokuwa nacho nikanunua Python, ilivyo dukani ni krediti 56,978,179. Nikabakiwa na pungufu ya milioni moja, nikajaza mzigo, nikatoka kifua mbele. Mfumo wa pili tu haramia akanivuta njiani, akanilipua. Bima ilikuwa kama milioni 2.8. Kumbuka pia kwamba bima hailipi mzigo. Usiku ule nilirudi kwenye Sidewinder kama siku ya kwanza, na bando lenyewe lilikuwa linaishia.

Tangu hapo sheria yangu ni hii: sitoki stesheni bila pesa ya bima tatu. Wengine wanasema mbili zinatosha. Sawa, ila wao hawakuwa kwenye Python ile.

Hatua ya 3: Elewa herufi.
Kila kifaa kina namba na herufi. Namba ni ukubwa, herufi ni ubora. E ndiyo inayokuja na meli. A ni bora kwa utendaji. Hapa wengi wanakosea: D si mbovu, D ndiyo nyepesi kuliko zote. Na wepesi ni umbali wa kuruka. Kwa hiyo mfumo wa hewa na sensa weka D, usihangaike. Injini ya kuruka, ile FSD, weka A hata kama mfuko unalia.

Na utalia kweli. Meli ya Cobra Mk III ilivyo dukani ni krediti 349,718. FSD yake ya 4A ni 1,610,080. Kifaa kimoja kina bei zaidi ya mara nne ya meli yenyewe! Vijana wanaona hiyo bei wanaghairi, wanakwenda kununua meli kubwa zaidi. Kosa. Vifaa ukiviuza unarudishiwa bei yote. Ganda la meli ndilo linalokatwa asilimia 10. Yaani ukinunua Python halafu ukabadili mawazo umepoteza zaidi ya milioni 5, lakini ukinunua FSD umeweka pesa kibubuni.

Tena kuna jambo ambalo sijui kwa nini halisemwi vya kutosha: FSD ya saizi 5 inaingia Diamondback Explorer, Asp Explorer, Krait Phantom na Python. Ile ile. Unaivua hapa unaifunga pale. Sasa fikiria umeipeleka kwa mhandisi ikaongezwa nguvu: unahama nayo miaka yote. Ila usiiuze kwa bahati mbaya, maana dukani wanakulipa bei ya kawaida na kazi ya mhandisi inakwenda na maji.

Hatua ya 4: Tafuta pesa kwa miguu.
Ushauri wa zamani wa kuchimba almasi mpaka macho yatoke usiufuate tena kama una Odyssey, ile nyongeza ya gemu inayokuruhusu kushuka na kutembea kwa miguu. Tangu 2022 bei za sampuli za viumbe zilipandishwa sana. Unatua sayari yenye hewa nyepesi, unashuka na suti ya Artemis (krediti 150,000), unachukua sampuli tatu za kiumbe kimoja zilizoachana umbali unaotakiwa, unauza kwa Vista Genomics, wanunuzi wa sampuli hizo. Kuna kimoja kinaitwa Stratum Tectonicas, kinalipa 19,010,800. Kama wewe ndiye wa kwanza kuweka mguu kwenye sayari hiyo, jumla inakuwa mara tano, karibu milioni 95. Kwa kiumbe kimoja!

Anaconda ni 146,969,451. Piga hesabu mwenyewe ni viumbe vingapi. Pesa siku hizi si msoto. Msoto ni malighafi na muda.

Angalizo: ukilipuka kabla ya kuuza, data yote imepotea. Usijaribu kutua kwenye sayari ya mvutano mkubwa huku una usingizi.

Hatua ya 5: Nenda kwa Farseer, kisha rudi nyumbani.
Wahandisi, wale wanaokuongezea nguvu vifaa vya meli, waliingia kwenye gemu mwaka 2016 na ndio chanzo cha manung'uniko yote. Wako wengi. Unayemhitaji mapema ni mmoja, Felicity Farseer, yuko mfumo wa Deciat. Masharti yake: ufikie daraja la Scout katika utafiti, na umpelekee kipande kimoja cha meta-alloy. Hicho kwa kawaida kinauzwa Darnielle's Progress, mfumo wa Maia, kule kwenye kundi la Pleiades. Ndiyo, Kilimia chetu kile wazee walichotazama wakajua lini washike jembe. Mara ya kwanza kufika pale nilizima kelele zote nikatazama tu.

Ukishapata Scout, data ya utafiti inayobaki usiimwage popote. Iuze pale pale kwa Farseer, ndiyo inapandisha uhusiano wenu haraka bila kutumia malighafi.

Kuongeza umbali wa FSD kwake kunafika gredi ya 5, na gredi hiyo inataka arsenic, chemical manipulators na datamined wake exceptions. Hiyo ya mwisho, ambayo ni data, ndiyo iliyowatoa watu machozi. Usiikimbize moja moja. Nenda HIP 12099, kwenye mabaki ya Cobra ya Jameson, rubani maarufu wa hadithi za gemu, skani vinara vyake, kisha peleka data kwa mbadilishaji wa malighafi. Kupanda gredi moja anataka 6 akupe 1, kwa hiyo kupanda gredi mbili ni 36 kwa 1. Inasikika kama wizi, lakini data ya Jameson inajaa haraka. Pia mwaka 2024 Frontier walipunguza huu mzigo, kwa hiyo video za zamani zinazowatisha zitazameni kwa tahadhari.

Mimi kazi hii yote ilinichukua jioni nne, tuseme saa 9. Rudi kwenye hesabu ya juu: ikikusaidia, pamoja na kifaa cha Hatua ya 6, kutoka miaka nuru 30 kwenda karibu na 60, safari moja ya kwenda katikati ya galaksi imekuokolea saa 7. Kurudi, saa 7 nyingine. Imelipa. Lakini imelipa kwa sababu nilisafiri. Kuna jamaa yangu ana FSD kama yangu na hajawahi kutoka miaka nuru 200 toka Sol, yaani Jua letu.

Hatua ya 6: Kifaa cha Guardian.
Guardian FSD booster. Unasota mara moja kwenye magofu ya Guardian, viumbe wa kale waliotoweka, unafunguliwa maisha. Saizi ya 5 inaongeza miaka nuru 10.5 juu ya ulizonazo, bila mhandisi. Chukua siku ambayo hasira zako ziko mbali, kuna walinzi wanakurushia makombora huku unahangaika na gari.

Hatua ya 7: Simama hapo.
Ngao, silaha, injini za kusukuma, hivyo viboreshe pale tu vinapokuangusha. Umekufa mara mbili kwa sababu ile ile? Haya, sasa una sababu.

---

MASWALI YA WADAU

Mdau, Dodoma: Mkuu, nina Cobra Mk III na milioni 3. Ninunue Type-6 au niiwekee Cobra FSD ya 4A?

Jibu: Kama unachuuza, Type-6. Ni kama milioni 1.05, na Cobra usiiuze. Utabakiwa na kama milioni 1.9 za mtaji wa mzigo na bima. FSD subiri, kwa sababu mchuuzi asiye na mtaji ana meli tupu tu. Zote mbili zinatumia saizi 4, kwa hiyo ukiinunua wiki ijayo utaihamisha upendavyo. Type-6 haipigani, ukiona haramia kimbia, usijifanye shujaa.

Mdau, Nairobi: Niko kwa PlayStation. Hiyo ya kutembea kwa miguu siioni kabisa, ama nimekosea mahali?

Jibu: Hujakosea, dada. Machi 2022 Frontier walisitisha kuendeleza upande wa konsoli, Odyssey haikufika huko. Hatua ya 4 iruke, rudi kwenye uchimbaji na kubeba abiria. Hatua ya 2, 3 na 5 zinakuhusu kama kawaida.

Mdau, Tabora: Umeme ukikatika nikiwa katikati ya safari inakuwaje? Huku kwetu unajua hali.

Jibu: Gemu inataka intaneti muda wote, hata ukicheza peke yako. Ukikatika, meli inaondoka angani na ukirudi unajikuta karibu na ulipokuwa. Tatizo ni ukiwa unapigana na binadamu mwenzako: kwake inaonekana umechomoa waya makusudi, na hilo ni kosa. Siku za mgao cheza Solo. Mimi hata siku zisizo na mgao nacheza Solo.

Mdau, Mwanza: Kaka, unaiponda Anaconda lakini wakongwe wote wanayo.

Jibu: Wanayo, ndiyo, na iangalie imeegeshwa wapi. Anaconda inataka pedi kubwa, vituo vidogo vingi vina pedi ndogo na za kati tu. Mara ngapi unapata kazi nzuri halafu mzigo unapokelewa kituo kidogo? Python inatua pedi ya kati. Na bima: Anaconda iliyofungwa vizuri yenye thamani ya milioni 500 inakudai milioni 25 kila ukilipuka. Nunua ukishajua utaifanyia nini.

Mdau huyo huyo: Na Corvette?

Jibu: Milioni 188, na kabla ya pesa unatakiwa uwe na cheo cha Rear Admiral wa Federation, moja ya dola za kwenye gemu. Ni mamia ya vikazi vya kupeleka barua. Wanaopenda kupigana wanaapa kwayo, ina sehemu mbili za silaha kubwa kabisa. Mimi niliacha njiani, sijajuta.

Mdau, Zanzibar: Shekhe, hizi FSD mpya za SCO vipi? Nimeona watu wanazitukuza.

Jibu: Zilikuja 2024. Zinakupa mwendo mkali ndani ya mfumo, baada ya kuruka. Uzuri wake unauona stesheni ikiwa mbali na nyota. Hutton Orbital pale Alpha Centauri zamani ilikuwa zaidi ya saa nzima ya kutazama giza, watu wanakwenda kupika wanarudi. Kwa SCO muda unapungua sana. Lakini kwenye meli za zamani inayumba, inachemka na inakunywa mafuta kama daladala bovu. Meli mpya kama Mandalay zimetengenezwa kwa ajili yake. Kama ndiyo unanunua FSD leo, chukua ya SCO moja kwa moja kisha ipeleke kwa Farseer. Kama ya zamani umeshaifikisha gredi ya 5, tulia nayo kwanza.

Mdau, Arusha: Nimefuata hatua zote, nimefika kwa Farseer, anakataa kunipokea. Meta-alloy ninayo.

Jibu: Angalia daraja lako la utafiti. Nahisi data bado unayo kwenye meli, hujaiuza. Iuze stesheni yoyote ya jirani kiasi cha kufika Scout, halafu nyingine mpelekee yeye.

Mdau, Arusha: Daah. Ilikuwa hivyo hivyo, nilikuwa nimebeba data ya wiki tatu.

Jibu: Na ulikuwa unaruka nayo huku una bima ngapi mfukoni?