Disintegrate si break: namna ya kulitumia neno hili

Sahani ikianguka sakafuni, Kiingereza husema it broke. Mwanafunzi anayetaka kuipamba insha huandika the plate disintegrated, na hapo amekosea. Vipande vya sahani unaviokota, unavihesabu, pengine hata unaviunga kwa gundi. Disintegrate ni zaidi ya kuvunjika: kilichokuwa kikishikanisha kitu kimelegea, na kitu chenyewe kimesambaratika kuwa chembe au vipande visivyorudi kuwa kimoja. Asili yake ni Kilatini, ambako integer ni -zima. Dis- inautengua uzima huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye vilima vya granaiti vinavyouzunguka mji wa Dodoma. Ukisogea karibu na jiwe kubwa la siku nyingi, pitisha kiganja juu yake: punje zinabanduka na kubaki mkononi kama mchanga wa chenga. Granaiti ina kwatzi, felspa na ulanga, na kila madini hutanuka kwa kiasi chake jua linapowaka, kisha husinyaa usiku unapopoa. Mvutano huo, ukisaidiwa na maji yanayopenya kwenye nyufa, huachanisha punje. Vitabu vya jiografia huita hali hii granular disintegration. Jiwe likiachana kwa mapande makubwa kufuata nyufa zake, huitwa block disintegration. Likibambuka magamba kama kitunguu, hilo ni exfoliation. Usiyachanganye kwenye mtihani, maana kila neno linadai maelezo yake.

Neno linaloponza wengi zaidi ni dissolve. Chukua glasi mbili za maji. Moja tia kijiko cha sukari, ukoroge. Nyingine tumbukiza kidonge cha kawaida cha panadoli. Sukari inapotea na maji yanabaki maangavu: the sugar dissolved. Kidonge kinavimba, kinamumunyuka, kisha unga mweupe unatuama chini: the tablet disintegrated. Unga ungali unaonekana, ila kidonge hakipo tena.

Tofali bichi lililolowa mvua ya Januari likianza kumeguka pembe, sema it is crumbling. Likiisha kuwa rundo la tope, disintegrated inafaa. Kioo kilichopigwa jiwe ni shattered, kwa sababu kilipasuka ghafla. Si kwamba disintegrate lazima liwe la polepole: chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika angani juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003, na disintegrated ndilo neno linalotumika.

Hutumika pia kwa visivyoshikika. The disintegration of the Soviet Union ni kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991: dola moja iligawanyika kuwa nchi 15. Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, iliyovunjika mwaka 1977, vitabu vingi huandika collapse, yaani kuanguka, na ni salama kufuata hivyo.

Upande wa sarufi, kosa kubwa ni the rock was disintegrated pale unapomaanisha jiwe limesambaratika lenyewe. Kitenzi hiki kwa kawaida hufanya kazi ya -ika ya Kiswahili, kama ilivyo kwenye vunjika: kinajitosheleza bila was. Andika the rock disintegrated. Umbo lenye was liache kwa kilichosambaratishwa na kitu kingine, kama baruti. Ukitaja kilichobaki, tumia into: it disintegrated into sand.

Matamshi nayo yana mtego. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi wetu husema disinTEgreit. Kiingereza hukaza ya pili kutoka mwanzo: disINtigreit. Kwenye disintegration mkazo huangukia grei, palepale ambapo Mswahili angeuweka.