Jinsi ya kuandaa rekodi ya winga mstaafu wa Malaysia

Ukitaka kuandika maisha ya soka ya winga wa Malaysia aliyestaafu, usianze na jumla ya mabao yake. Jumla ndiyo inayonakiliwa kutoka ukurasa hadi ukurasa, na mara nyingi imechanganya ligi, kombe, kirafiki na mechi za vijana. Anza na mechi moja moja. Fungua jedwali lenye safu tisa: tarehe, mashindano, timu yake, mpinzani, matokeo, alianza au aliingia dakika ya ngapi, mabao, pasi za mabao, na chanzo. Kila mechi na mstari wake. Jumla utaipata mwishoni.

Jina kwanza

Wamalay kwa kawaida hawana jina la ukoo. Jina linalofuata bin ni la baba, jambo ambalo msomaji wa Zanzibar au Mombasa halimpi shida. Kwa hiyo Safee Sali ni Safee, na ndivyo utakavyomwita katika maandishi yako, si Sali. Kwa mchezaji wa asili ya Kichina mambo hugeuka: Wong Choon Wah, ukoo wake ni Wong. Wenye asili ya Kitamil huandikwa na a/l (anak lelaki, yaani mwana wa) kabla ya jina la baba. Kisha kuna Mohd, Mohamad, Mohammed na Muhammad, ambayo gazeti moja linaweza kuyabadilisha wiki hadi wiki. Orodhesha tahajia zote kabla ya kutafuta, la sivyo utapoteza nusu ya mechi zake. Ukikuta wawili wenye jina moja, watenganishe kwa tarehe ya kuzaliwa na jimbo.

Msimu na timu

Ligi imebadilika umbo mara kadhaa. Kuanzia 1989 hadi 1993 ilikuwa ya nusu kulipwa, 1994 ikawa ya kulipwa, kati ya 1998 na 2003 daraja la juu liliitwa Liga Perdana 1, na Liga Super ikaanza 2004. Mtego mkubwa uko 2005: mwaka huo una msimu wa 2005 na mwanzo wa msimu wa 2005–06. Misimu ya kuvuka mwaka iliendelea hadi 2007–08, kisha 2009 wakarudi kwenye mwaka wa kalenda. Ukimwandikia winga "mabao ya 2005" bila kutazama tarehe, umeunganisha misimu miwili.

Piala Malaysia, yaani Kombe la Malaysia, lililoanza 1921 kwa jina jingine, lina safu yake na halijumlishwi na ligi. Angalia pia Piala Sumbangsih, yaani Ngao ya Hisani ya kufungua msimu: mwaka 2020 mechi hiyo ilihesabiwa pia kuwa ya ufunguzi wa ligi, na wapo wanaoiandika mara mbili.

Kwa timu, Penang na Pulau Pinang ni kitu kimoja, Johore ni tahajia ya zamani ya Johor. Lakini Johor FA na Johor FC zilikuwa timu mbili, na ni Johor FC iliyokuja kuwa Johor Darul Ta'zim mwaka 2013. Ukikuta Singapore kwenye ratiba za kabla ya 1995, si kosa: walicheza mashindano ya Malaysia hadi 1994.

Timu ya taifa

Hapa ndipo rekodi nyingi huharibika. Soka la wanaume la Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki limekuwa la vijana tangu 2001, kwa kawaida chini ya miaka 23 na baadhi ya miaka chini ya 22. Dhahabu ya Malaysia kule Vientiane mwaka 2009 ni ya vijana, ubingwa wa AFF (Shirikisho la Soka la Asia ya Kusini-Mashariki) wa 2010 dhidi ya Indonesia ni wa wakubwa. Mchezaji aliyekuwa katika vikosi vyote viwili apate safu mbili.

Kwa waliocheza miaka ya 1970 ugumu ni mwingine, kwa sababu mechi za Olimpiki na za kufuzu wakati huo zilichezwa na timu ya wakubwa. Ndiyo maana Soh Chin Ann, ambaye alikuwa beki, anaonekana na mechi 195 kwenye hesabu moja na 219 kwenye nyingine. Usichague namba inayokupendeza. Andika zote mbili na ueleze kila moja imejumuisha nini. Mechi dhidi ya klabu za nje zikae pembeni kabisa.

Kazi ya winga yenyewe

Ukihesabu mabao tu, winga utamdhulumu. Pasi za mabao hazikuwekwa kwenye takwimu za zamani, kwa hiyo ni lazima usome taarifa ya mechi, aya inayoeleza kila bao. Maktaba ya Taifa ya Singapore imeweka mtandaoni magazeti mengi ya zamani, yakiwemo Straits Times na Berita Harian. Tafuta kwa Kimalay: *pemain sayap* ni winga, *hantaran lintang* ni krosi, *jaringan* ni bao, *sepakan percuma* ni mpira wa adhabu.

Weka kanuni yako na uifuate tangu mstari wa kwanza. Krosi iliyomfikia mfungaji moja kwa moja ni pasi ya bao. Krosi iliyotemwa na kipa kisha mwingine akafunga iwe na alama tofauti, na penalti aliyoisababisha vivyo hivyo. Ukibadili kanuni katikati, rudia yote. Na pale taarifa isipomtaja mpigaji wa krosi, acha wazi. Sifuri maana yake umehakikisha hakutoa pasi, na hilo hujalihakikisha.

Sehemu ya mstari mmoja wa mfano, kutoka rekodi ya Indra Putra Mahayuddin: 10 Julai 2007, Kombe la Asia, Malaysia, China, 1–5, bao 1. Kipigo kilikuwa kizito, lakini bao hilo pekee la Malaysia katika hatua nzima ya makundi ni lake, na jumla isingekuonyesha.

Mapengo

Mwaka 2020 ligi ilipunguzwa hadi mechi 11 kwa sababu ya korona na Piala Malaysia likafutwa, hivyo usiandike kwamba winga "alishuka kiwango" mwaka huo kwa kutazama idadi ya mechi. Pengo la katikati ya miaka ya 1990 linahitaji uangalifu zaidi. Kashfa ya upangaji matokeo iliwasimamisha wachezaji wengi, lakini wengine waliumia au walikosa timu tu. Bila uamuzi rasmi uliomtaja kwa jina, acha pengo libaki pengo.

Kwa kustaafu, andika tarehe tatu kama zipo: mechi ya mwisho ya taifa, mechi ya mwisho ya klabu, na siku aliyotangaza. Zinaweza kupishana kwa miaka.