Namna ya Kuendesha Kitalu cha Wanachuo: Mwongozo kwa Wakufunzi wa Kilimo

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba limekuwa sehemu ya shule na vyuo vyetu nchini Tanzania, ingawa wanafunzi wengi wamelijua zaidi kama mahali pa kutumikia adhabu. Utaratibu ninaoutumia kwa wanachuo wa stashahada, katika zao la mahindi, unafuata mzunguko wa kujifunza alioueleza mtaalamu wa elimu David Kolb mwaka 1984: kutenda, kutafakari, kupata kanuni, kisha kuijaribu upya.

Hatua ya 1: Gawa ardhi kabla ya mvua
Kila kikundi cha wanachuo wanne kipewe kitalu cha mita 10 kwa 10. Aina ya mbegu, nafasi na mbolea wachague wenyewe, isipokuwa viuatilifu, ambavyo haviguswi bila mkufunzi kuwapo.

Hatua ya 2: Wakadirie kwa maandishi
Kila kikundi kiandike idadi ya miche na kilo za mavuno kinazotarajia. Kwa mfano, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, hesabu ya darasani inatoa miche 444. Wakishanyoosha kamba shambani watapata mistari 13 yenye mashimo 33, yaani 429. Usiwaeleze tofauti hiyo inatoka wapi, waache wabishane.

Hatua ya 3: Wapande, nawe unyamaze
Hapa ndipo wakufunzi wengi tunaposhindwa, kwa kuwa ulimi hututangulia. Msimu mmoja niliona kikundi kikiweka mbolea ya kupandia ya DAP shimoni na kudondosha mbegu juu yake bila kutenganisha kwa udongo, nami nikajizuia. Siku ya kumi kitalu chao kilikuwa na mapengo, ilhali majirani zao, waliofukia mbolea kwanza, walikuwa na mistari iliyokamilika. Niliwataka wafukue mashimo matatu kwa vidole. Katika moja walikuta mbegu iliyochipua, lakini kimzizi chake kilikuwa cha kahawia na kimesinyaa kama uzi uliopitishwa motoni.

Hatua ya 4: Uliza kwa mpangilio
Mmeona nini? Kwa nini imekuwa hivyo? Sasa mtafanyaje? Usiruhusu swali la pili kabla la kwanza halijaisha, maana mwanachuo hukimbilia kusema “mbegu mbovu” hata kabla hajaitazama. Kikundi kile kilitumia karibu saa nzima ndipo mmoja wao akakumbuka somo la osmosisi, yaani maji kuhamia upande wenye chumvi nyingi, na wakaelewa kwamba chumvi ya mbolea huinyima mbegu maji. Walirudishia mapengo kwa mashimo mapya pembeni, safari hii wakifukia mbolea kwa udongo kabla ya kuweka mbegu.

Hatua ya 5: Daftari, si mavuno
Kila ziara iandikwe siku hiyohiyo, pamoja na ukaguzi wa viwavijeshi vamizi katikati ya majani machanga mara mbili kwa wiki. Alama zitolewe kwa daftari. Ukizitoa kwa kilo, watapika takwimu, na kwa kweli hutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Hatua ya 6: Pimeni na kukabidhi
Punje zikishakaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5, zipimwe na kulinganishwa na makadirio ya hatua ya 2. Kikundi kiandike ukurasa mmoja wa mambo ambayo kingebadili, na ukurasa huo wapewe wanachuo watakaorithi kitalu hicho msimu ujao, kabla hawajanunua mbegu.