Jinsi ya kufuatilia maisha ya mchezaji tenisi wa ridhaa wa miaka ya 50 bila kupotezwa na hesabu ya mataji

Wengi tukitaka kumjua mchezaji wa zamani tunafungua ukurasa wake, tunahesabu mataji makubwa, basi tumemaliza. Kwa wa siku hizi sawa, ila kwa mtu aliyecheza miaka ya 40 na 50 akiwa wa ridhaa, yaani haruhusiwi kulipwa kwa kucheza, hiyo hesabu inakupeleka siko kabisa. Hapa nitamtumia sana Jaroslav Drobný, bingwa wa Wimbledon 1954, kama mfano, maana huyu jamaa maisha yake yana karibu kila mtego utakaokutana nao.

Kabla hujasoma tokeo hata moja, jua kwanza mtu wako alikuwa upande gani na mwaka gani. Kabla ya 1968 mashindano makubwa manne, yaani Wimbledon, Paris, Marekani na Australia, yote yalikuwa ya ridhaa tu, ukisaini mkataba wa kulipwa umefungiwa mlango, unaenda kuzunguka miji na wenzako wachache mkicheza kila jioni. Jack Kramer alibeba Wimbledon 1947 na mwaka ulipoisha akaondoka. Pancho Gonzales akamfuata 1949, Frank Sedgman baada ya msimu wa 1952, Tony Trabert 1955, Lew Hoad 1957. Kwa hiyo ukiona jina la bingwa wa mwaka fulani usiulize tu alimfunga nani, uliza pia nani hakuwepo. Mimi naonaga hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo watu wanaloruka. Mwangalie Ken Rosewall: kafika fainali ya Wimbledon 1954, 1956, 1970 na 1974 na zote kapoteza, mtu anasema aah huyu Wimbledon ilimshinda, kumbe kuanzia 1957 mpaka 1967 alikuwa haruhusiwi hata kuingia, miaka kumi na moja, tena ndiyo miaka yake ya nguvu. Chukua karatasi uandike miaka ya mchezaji wako, halafu pembeni ya kila mwaka andika waliokuwa wameshahamia kulipwa, utashangaa picha inavyobadilika.

Na hilo neno ridhaa lenyewe lisikudanganye. Waandaaji walikuwa wanatoa posho za safari na malazi, na bahasha zilikuwa zinapita kimyakimya, kila mtu kwenye mchezo alijua. Ukikuta mtu hana kazi inayoeleweka halafu yuko kiwanjani mwaka mzima, nchi hii wiki hii, nchi ile wiki ijayo, basi ujue alikuwa anaishi hivyo.

Sasa uje kwenye nchi, na hapa Drobný ndiye mwalimu. Kazaliwa Prague 1921, baba yake alikuwa anatunza viwanja vya klabu ya tenisi na dogo akaanzia kuokota mipira. Wimbledon kaingia 1938 akiwa na miaka 16 kwa Czechoslovakia, mwaka uliofuata Wajerumani wameshaivamia nchi kwa hiyo anaandikwa Bohemia na Moravia. Halafu vita, Wimbledon haikuchezwa kuanzia 1940 mpaka 1945, kwenye jedwali utaona pengo tupu na mtu asiyejua atadhani aliumia. Vita ilipoisha anarudi kwa Czechoslovakia, Julai 1949 akiwa kwenye mashindano Gstaad, Uswisi, yeye na mwenzake Vladimír Černík wakaambiwa na serikali yao wajitoe, wakagoma na hawakurudi nyumbani tena. Misri ndiyo iliyompa uraia, na ndiyo maana bingwa wa Wimbledon 1954 anasomeka kwa bendera ya Misri. Baadaye akawa Mwingereza na kafia London 2001. Kwa hiyo ukimtafuta kwa nchi moja tu utapata robo ya maisha yake. Tafuta kwa nchi zote, na jina uliandike na bila zile alama za juu, magazeti ya Kiingereza enzi hizo hayakuhangaika nazo.

Kwa wanawake jina ni tatizo kubwa zaidi, maana akiolewa anaandikwa kwa jina la mume, tena na herufi za mwanzo za mume. Mpaka Billie Jean King kwenye ubao wa Wimbledon alikuwa Mrs. L. W. King, hizo L na W si zake ni za mumewe Larry. Kwa hiyo tafuta kwanza tarehe ya ndoa, halafu ndiyo uanze kusaka matokeo, la sivyo utadhani dada kastaafu kumbe anaendelea kushinda.

Matokeo yenyewe yasome taratibu. Tai-breki, ile gemu fupi ya kuamua seti iliyolingana, haikuwepo, imeingia mashindano ya Marekani 1970 na Wimbledon 1971, kabla ya hapo seti inaenda tu mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Drobný na Budge Patty raundi ya tatu Wimbledon 1953: 8-6, 16-18, 3-6, 8-6, 12-10. Gemu 93! Zaidi ya saa nne, na Patty alipata pointi za kumaliza mechi mara sita zikamponyoka. Halafu Drobný akafika nusu fainali akafungwa na Kurt Nielsen, Mdenmark ambaye hata hakupangwa kwenye orodha ya wanaopewa nafasi. Ukisoma tu "kafungwa na Nielsen seti tatu kavu" bila kuangalia nyuma alitokea wapi utamwonea. Fainali ya 1954 dhidi ya Rosewall ilikuwa 13-11, 4-6, 6-2, 9-7, hiyo seti ya kwanza peke yake ina gemu 24.

Halafu angalia ni mashindano gani aliyoyaacha na kwa nini. Australia ilikuwa mbali na gharama, wengi hawakwenda kabisa. Maureen Connolly alienda mara moja tu, 1953, na mwaka huohuo akabeba yote manne, halafu Julai 1954 akagongwa na lori akiwa juu ya farasi na jeraha la mguu likamaliza safari yake ya tenisi, hajafika hata miaka 20. Ukigawanya mataji kwa mashindano aliyoingia unapata mtu tofauti kabisa na yule wa kwenye orodha. Upande mwingine kuna waliozuiwa: Althea Gibson alikuwa anabeba ubingwa wa American Tennis Association, chama cha Wamarekani weusi, tangu 1947, lakini mashindano ya taifa ya Marekani hawakumruhusu mpaka 1950. Hiyo miaka haipo kwenye jedwali la mataji makubwa, inabidi uifuate kwenye chama chenyewe na magazeti ya weusi.

Viwango vya ubora usivisumbukie sana. Viwango vya kompyuta vya ATP, chama cha wachezaji wanaume wa kulipwa, vimeanza Agosti 1973, kabla ya hapo namba moja ilikuwa maoni ya mwandishi, kwa mfano Lance Tingay wa Daily Telegraph, na waandishi walikuwa wanatofautiana.

Wapi pa kuchimba? Tovuti ya Wimbledon ina droo, yaani jedwali la nani kacheza na nani kila raundi, za miaka yote ya nyuma, anza hapo upate raundi na wapinzani. Kisha ingia Trove, hazina ya magazeti ya maktaba ya taifa ya Australia, ni bure na yamejaa habari za tenisi mpaka 1954, Waaustralia walikuwa wanaandika kila kitu hadi nani kachelewa kufika uwanjani. Tafuta pia maombolezo ya magazeti makubwa, yanakupa kazi na familia, ila tarehe na skoa zilizomo humo zihakikishe kwenye droo.

Na usiishie kwenye tenisi. Drobný alikuwa kwenye timu ya Czechoslovakia ya hoki ya barafuni iliyotwaa ubingwa wa dunia 1947 na medali ya fedha ya Olimpiki 1948, na zile miwani nyeusi alizokuwa anavaa uwanjani zinatokana na jicho lililoumia kwenye hoki. Ukitafuta tenisi peke yake hilo jicho hulioni popote.